Nani Alisema Maumivu Ni "Ouch"?

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza tulivyosomea shuleni vina ukurasa mmoja mfupi, mara nyingi karibu na mwisho, ambao hakuna mwalimu anayeupa zaidi ya kipindi kimoja. Ni ukurasa wa vihisishi. Unasema hivi, kwa ufupi: ukifurahi, sema "Hooray!" Ukishangaa, sema "Wow!" Ukiumia, sema "Ouch!" Ukihuzunika, sema "Alas!" Unaweka alama ya mshangao, kengele inalia, mnaenda kula.

Nina ugomvi na ukurasa huo. Najua kuna mambo makubwa zaidi ya kukasirikia katika nchi hii, na orodha unayo. Lakini hebu fikiria. Mtoto akifundishwa kwamba "mbuzi" kwa Kiingereza ni "goat", amepewa jina la pili la kitu anachokijua. Akifundishwa kwamba mtu akiumia husema "Ouch", ameambiwa jambo jingine kabisa: kwamba hata kilio chake kina namna sahihi ya kulia, na namna hiyo si yake. Hapo ndipo sarufi inaacha kuwa sarufi.

Mimi ni wa Taru. Kama umewahi kupanda basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi, umepita kwetu, pengine ukiwa umelala. Ukishaiacha Mariakani, ukaipita Samburu (si ile ya kaskazini, hii yetu ya Kwale), kabla hujafika Mackinnon Road, kuna maduka pande mbili za barabara, malori yameegeshwa, kina mama wanauza chai na mahamri. Hapo ndipo. Watu wakisikia Kwale wanaona Diani: mchanga mweupe, minazi, watalii wamelala juani. Kwale ya kwetu ni nyika: miiba, vumbi jekundu, mbuzi, magunia ya makaa kando ya lami. Wazungu waliopita huku karne ya 19 walituandika kama jangwa la kuvukwa haraka. Wenyeji wengi ni Waduruma, mojawapo ya jamii tisa za Wamijikenda, na Kiduruma ndicho lugha ya kwanza ya watoto wengi wanaoingia darasa la kwanza hapo.

Sasa nikuulize. Hooray ni nini Taru?

Mimi sijawahi kusikia mtu mzima wa kwetu akisema "Hooray" nje ya darasa, awe amesoma au hajasoma. Furaha kwetu ina sauti, tena kubwa. Mvua ya kwanza ikipiga bati baada ya miezi minane ya ukame, wanawake wanapiga vigelegele. Ngoma ya sengenya ikikolea, vigelegele. Binti akitoka kliniki na mtoto mzima wa afya, vigelegele. Kitabu hakina njia ya kuviandika vigelegele. Basi vigelegele havimo, na mwanafunzi anajaziwa neno ambalo bibi yake hawezi hata kulitamka.

Tazama na maumivu. Mbuga ya Tsavo ni jirani yetu, na ndovu hawajui mpaka wa mbuga. Wakiingia shambani usiku, mtu wa kwanza kuwaona hasemi "Ouch" wala "Alas". Anapiga yowe: "Uwii! Uwii!" Boma la pili linalipokea, la tatu linalipokea, na muda si muda vijana wametoka na tochi na mabati ya kugonga. Yowe hilo halielezi tu hisia. Linaita watu. Lina wito na lina itikio, na anayelisikia akakaa kimya ataulizwa kesho yake alikuwa wapi. Halafu kitabu kinaniambia kihisishi ni neno linaloonyesha hisia ya ghafla na halina uhusiano na maneno mengine katika sentensi. Sawa, katika sentensi pengine halina. Katika kijiji lina uhusiano na kila mtu.

Kuna na msonyo. Wewe unayesoma hii kwenye simu ndani ya matatu unaujua: ulimi na meno, hewa inavutwa ndani, na yule aliyekuudhi anajua kabisa amefikishiwa ujumbe. Pwani nzima, na mbali nje ya Pwani, msonyo ni sentensi kamili. Unaweza kuuanzisha ugomvi wa ndoa au kuumaliza. Uandike vipi kwa Kiingereza cha darasani? Hauandikiki. Ndiyo manake hakuna anayekutahini.

Nataka tuangalie ukurasa huo umetoka wapi, kwa sababu unafundishwa kama vile ulishuka na mvua. Wagiriki wa kale walihesabu aina nane za maneno. Katika sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 KK, vihisishi havikuwa na kiti chao wenyewe. Sauti za uchungu na furaha zilisukumwa chini ya vielezi. Warumi walipoichukua sarufi hiyo kuivisha Kilatini, wakakuta shida. Kigiriki kina kile kineno kidogo kinachotangulia nomino, kama "the" ya Kiingereza. Kilatini hakina. Nane zikawa saba. Wakaviokota vihisishi, wakavikalisha kwenye kiti kilichobaki wazi, hesabu ikarudi nane. Anayetajwa sana kwa kazi hiyo ni Remmius Palaemon, mwalimu wa Roma wa karne ya 1 BK, mtu aliyezaliwa mtumwa. Jina lenyewe la Kilatini lina maana ya kitu kilichotupwa katikati. Kwa hiyo aina ya nane tunayoikariri, na ile herufi "I" tunayoiandika chini ya kihisishi tukichanganua sentensi, ina ukoo wa watu waliokuwa wanajaribu kutimiza hesabu. Hakuna dhambi hapo. Ila usiniletee kama amri ya Mungu.

Maneno yenyewe je? "Wow" inaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Kiskoti, mwaka 1513, kwa mshairi Gavin Douglas. Hiyo ni miaka 80 kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus. Ilikuwa sauti ya Waskoti, watu ambao Waingereza wa London kwa karne nyingi waliwacheka kwa jinsi wanavyozungumza. "Ouch" ni changa: kamusi zinaiweka Marekani, miaka ya 1830, na wataalamu wengi wanadhani ilitoka kwa Wajerumani waliohamia Pennsylvania. Yaani ni kilio cha wakulima wahamiaji. "Alas" ni Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya kuchoka. "Hallelujah" ni Kiebrania. "Bravo" ni Kiitaliano. "Gosh" ni watu waliokuwa wanaogopa kulitaja jina la Mungu bure, wakalipinda kidogo ili wasipatikane na hatia.

Umeona mchezo? Kila kihisishi kwenye ukurasa ule kiliwahi kuwa kilio cha kijijini cha mtu fulani. Kiskoti kikaingia, Kijerumani cha wakulima kikaingia, Kifaransa kikaingia, na wote wakapewa uraia. Na mlango haujafungwa. Machi 2025, kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilitangaza kwamba imeingiza "alamak", neno la mshangao la Singapore na Malaysia. Kwa hiyo Kiingereza chenyewe hakina shida na vilio vya watu wengine. Mwenye shida ni msahihishaji wetu mwenye kalamu nyekundu.

Kalamu hiyo naijua. Nikiwa darasa la sita, katika shule ambayo sitaitaja, tuliandika insha ya Kiingereza kuhusu siku ambayo hatutaisahau. Mimi niliandika kuhusu mwaka ambao ng'ombe wa jirani yetu walikufa mmoja mmoja, na jinsi mwenye ng'ombe alivyotoka asubuhi, akamwona wa mwisho amelala, akasema "Uwii" mara moja tu, kwa sauti ya chini, akaketi. Insha ilirudi. "Uwii" ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu na juu yake, kwa mwandiko mzuri, imeandikwa "Alas!". Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatuandaa kwa mtihani, na mtihani ulikuwa na msahihishaji wake mbali huko, na kila mtu katika mnyororo huo alikuwa anamwogopa wa juu yake.

Lakini angalia kilichotokea kwenye karatasi. Mzee wa Kiduruma aliyepoteza mali yake yote sasa anasema "Alas!" kama mwigizaji wa tamthilia ya Shakespeare. Msomaji anacheka. Msiba umegeuka kichekesho, na sahihisho ndilo lililougeuza. Kiingereza chote cha insha ile kilibaki kama nilivyokiandika, pamoja na makosa yangu mawili matatu ya tahajia. Neno moja lililobadilishwa ndilo lililokuwa na ukweli.

Nasema haya bila kusahau kwamba ukame si hadithi ya zamani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika maeneo mengi kame ya nchi hii, na Kwale imo katika kaunti kame. Watoto waliokuwa madarasani miaka hiyo waliona mizoga njiani wakienda shule. Wakifika shule wanaambiwa waandike insha. Wana kitu cha kusema kuliko mtu yeyote aliyetunga swali. Halafu tunawapa "Alas".

Kuna watakaoniambia: ndugu, tulia, kilio ni kilio, ni sauti ya mwili tu, haina lugha. Si kweli, na wataalamu walishalisema hilo. Felix Ameka, mwanaisimu kutoka Ghana, aliandika mwaka 1992 makala iliyoviita vihisishi aina ya maneno iliyo katika lugha zote na iliyopuuzwa. Vina kanuni, vina maana, vinatofautiana lugha kwa lugha, na mtoto anajifunza vihisishi kama anavyojifunza maneno mengine. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi, Mark Dingemanse na wenzake, walichunguza kile kisauti tunachotoa tukiwa hatujasikia vizuri, "Eh?" ya kwetu, "Huh?" ya Kiingereza. Wakakuta kinafanana sana katika lugha nyingi za mbali na mbali. Lakini hata hicho, ambacho ndicho kinachokaribia zaidi kuwa cha wote, walisema ni neno, si mguno: kila lugha inakitamka kwa sauti zake na kiimbo chake. Sasa kama hata "Eh?" ina kabila, "Ouch" itakosaje?

Ndiyo maana mtu akijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda usiku, anatoa sauti ya kwao kabla akili haijaamka. Mkamba, Mduruma, Mjaluo, Mjerumani, wote wana kidole kile kile na kitanda kile kile. Sauti ndiyo tofauti. Ukimfundisha mtu abadilishe sauti hiyo, hujamfundisha Kiingereza. Umemfundisha kujisikiliza kwa sikio la mgeni, ajiulize kama ameumia kwa usahihi.

Kabla walimu wa Kiswahili hawajaanza kunipigia makofi, ngoja kwanza. Nyinyi pia mna kesi.

Fungua insha yoyote ya Kiswahili iliyoandikwa kwa ajili ya mtihani miaka ya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho 2023. Utakuta "Lahaula!", utakuta "Masalale!", utakuta "Salaala!", utakuta "Afanaleki!". Mtoto wa Taru ameandika "Afanaleki". Mtoto wa Machakos ameandika "Afanaleki". Mtoto wa Kitale ambaye hajawahi kuiona bahari ameandika "Lahaula" kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu ameambiwa inavutia msahihishaji. Ni maneno mazuri hayo, mengine yana mizizi ya Kiarabu, na kuna nyumba za Mji wa Kale na Lamu ambamo bado yanatoka mdomoni bila kulazimishwa. Huko yana joto. Kwenye insha ya kukariri yamekuwa mapambo ya plastiki. Tumechukua uchungu wa Mswahili wa Lamu tukamvisha Mduruma wa Taru, tukaona tumekwepa ukoloni. Hatujakwepa kitu. Orodha ni orodha, iwe imeanza na "Alas" au na "Afanaleki". Shida si lugha gani imeandika orodha. Shida ni kuamini kwamba hisia hutoka kwenye orodha.

Na usidhani mafunzo haya yanaishia darasani. Vijana wengi wa nyika yetu wakimaliza shule wanateremka Diani kutafuta kazi za hoteli. Kaunti ni moja, ila ukifika huko unakuta ukurasa ule wa vihisishi umevalishwa sare. "Jambo!" "Wow!" "Hakuna matata!" Kila Mswahili anajua salamu ni "Hujambo" au "Hamjambo", na "jambo" peke yake ni kitu tu, tukio, habari. Lakini wageni waliona "Jambo!" ni rahisi, wimbo wa "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms ukatoka mwaka 1982 ukaisambaza dunia nzima, na leo kijana wa Kiduruma ambaye kwao husalimu kwa kirefu, akaulizia wazee, watoto na mifugo, analipwa kupiga kelele neno moja akiwa anatabasamu. Simlaumu. Kazi ni kazi. Lakini nani alimwandaa aone ni jambo la kawaida kwamba furaha ina neno rasmi, neno hilo limetungwa kwa ajili ya sikio la mwingine, na wajibu wake ni kulitamka kwa alama ya mshangao? Alianza kuandaliwa mapema. Kipindi cha saa tano, kabla ya chakula cha mchana.

Sasa niseme upande wa pili, manake upo.

Kuna hoja ya kueleweka. Mtoto wa Taru anaandika, msahihishaji labda ni wa Kisumu au Nyeri, hajui "Uwii" ni nini, atampaje alama? Najibu hivi: soma sentensi ya mbele na ya nyuma. Mtu amemwona ng'ombe wake wa mwisho amekufa, akasema neno, akaketi. Kuna Mkenya gani atakayedhani neno hilo maana yake ni "hongera"? Kihisishi ndicho neno rahisi kuliko yote kueleweka bila kamusi, kwa sababu kimezungukwa na tukio. Kama kuna neno ambalo mwanafunzi angeruhusiwa kulileta kutoka nyumbani hadi ndani ya Kiingereza bila kupotea, ni hilo. Tumekataza palipokuwa na sababu ndogo zaidi ya kukataza.

Kuna hoja ya kwamba lazima tujue "Wow" na "Ouch" ili tusome vitabu na kutazama filamu. Nakubali. Zifundishwe. Lakini zifundishwe kama zinavyostahili: hivi ndivyo wasemavyo watu wa kule wakiumia, na ilianza hivi, na kwa Kihispania wanasema "Ay", na sisi hapa darasani tunasema nini? Andika ubaoni. Uchungu, mshangao, dharau, huruma. Mwite yule mtoto asiyesema kitu darasani mwaka mzima, umuulize bibi yake husemaje mvua ikinyesha. Hicho kipindi hakitatosha, nakuhakikishia. Kitavuka kengele.

Na kuna hoja ya mwisho, ambayo huwa haisemwi kwa sauti: kwamba vilio vya kwetu ni vya kishamba. Hii ndiyo hoja yenyewe, nyingine zote ni nguo zake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na ukoloni wa akili, jinsi watoto walivyoadhibiwa na kuvishwa alama ya aibu kwa kusema lugha ya mama shuleni. Kipande kile cha mbao tulikirithi. Wengi wenu mlikiita disk au monto, na mlikipitisha kwa mwenzenu ili kisilale kwenu. Tulidhani kilikatazwa kikaisha. Hakikuisha, kiliingia ndani. Ndicho kinachokufanya hadi leo, ukijigonga mbele ya watu fulani, useme "Ouch" kwanza, halafu ukiwa peke yako ulie vizuri.

Lakini angalia simu yako. Angalia mnavyoandikiana nyinyi wenyewe, watu wa mjini, kwa Kiingereza chenu. "Wueh!" "Haiya!" "Woishe." "Aki." "Ngai!" Hakuna kitabu kilichowafundisha. Neno la Kikuyu linatoka kwa Mluhya, kilio cha Kikamba kinatoka kwa msichana wa Likoni, na wote mnaelewana bila mkalimani. Kiingereza cha Kenya kinachoishi kimeshaamua kitaumia kwa sauti gani. Darasa ndilo halijapata habari.

Na angalia "sorry" yetu. Mkenya akimwona mtu amejikwaa barabarani anamwambia "Sorry!" Mgeni anashangaa: unaomba radhi ya nini, wewe umenisukuma? Hatuombi radhi, bana. Tunasema "pole". Tumechukua neno la Kiingereza, tukalitia moyo wa Kiswahili, likakubali. Kinyume chake nacho kilitokea kitambo: Waingereza walisema "I say", sisi tukaifanya "aisee", ikatulia mdomoni mwa Afrika Mashariki nzima hadi wengi hawajui iliingia kwa mlango gani. Hakuna msahihishaji aliyeikata "aisee" kwa wino mwekundu. Kumbe neno la hisia likitoka kwao kuja kwetu ni utajiri. Likitoka kwetu kwenda kwao ni kosa. Nionyeshe sarufi inayosema hivyo, nami nitakuonyesha siasa iliyojificha ndani yake.

Waandishi wenzangu, hii inatuhusu kuliko walimu. Nimeandika hadithi kwa Kiingereza ambamo mama mmoja anasema "Wueh", na mhariri akaniuliza kama naweza kuiweka kwa herufi za mlazo na kueleza maana yake. Nilikataa. Hakuna aliyewahi kunieleza "Alas". Ken Saro-Wiwa wa Nigeria alitoa riwaya nzima, Sozaboy, mwaka 1985, akaiita kwenye jalada kuwa ya Kiingereza kilichooza, na msomaji asiyetaka kuelewa alibaki nje mwenyewe. Msomaji anayetaka ataelewa. Asiyetaka, hata ukimwekea maelezo chini ya ukurasa, atapita juu yake kama wale wasafiri wa karne ya 19 walivyopita Taru, wakiangalia tu wapi maji yatapatikana mbele.

Basi ombi langu ni dogo, na ninalitoa kwa anayetunga mtihani, anayesahihisha, anayehariri na anayeandika. Kihisishi kiachwe kwa mwenye maumivu. Sahihisha kitenzi changu, nitashukuru. Nirekebishie wakati uliopita, nipange viunganishi, niondolee koma iliyozidi. Hizo ni sheria za nyumba ya watu na nikiingia nitavua viatu. Lakini nikigongwa mguu humo ndani ya nyumba yao, nitalia kwetu. Na wewe mwenye nyumba, kama una utu, hutaniuliza nimelia kwa lugha gani. Utasema pole.